Shilingi Moja kwa Dakika: Wanachuo wa Mombasa na Mtandao

Leo tuache mambo ya kuandika programu, tuangalie historia kidogo.

Wazee hulalamika kwamba vijana wa vyuo wanamaliza siku nzima mtandaoni. Lakini hapa kisiwani muda huo ulikuwa na bei. Katikati ya miaka ya 2000, saiba zilitoza kwa kawaida shilingi moja kwa dakika.

Kwa nini? Kabla ya 2009 Kenya haikuwa na waya wa intaneti uliopita chini ya bahari. Data ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka ng'ambo, na jibu likarudi njia hiyo hiyo. Hapo nusu sekunde imekwisha hata kama laini ni tupu. Na laini haikuwa tupu! Chukua mfano wa saiba yenye kilobiti 128 kwa sekunde na tarakilishi 10. Kila moja inapata kilobiti 12.8. Ukurasa wa kilobaiti 100 unafunguka kwa dakika nzima, yaani shilingi moja kabla hujasoma neno. Mwenye akili aliandika barua pepe yake kwanza kwenye karatasi.

Facebook ilianza Harvard mwaka 2004 na haikufunguliwa kwa watu wote hadi Septemba 2006. Kwa hiyo wengi hapa walianzia Hi5 na Yahoo Messenger. Kwa familia za Mji wa Kale zenye jamaa Oman na Dubai, kuchati kulikuwa nafuu kuliko kupiga simu ya ng'ambo.

Juni 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah. Julai SEACOM ikaanza kazi. Mwaka huo huo Facebook ikapata Kiswahili. Baadaye simu zikashika nafasi ya saiba, na malipo yakahama kutoka dakika hadi megabaiti. Hapo ndipo tabia ilipobadilika. Ukilipia dakika, unaharakisha kutoka. Ukilipia megabaiti, kukaa hakukugharimu kitu, na ujumbe wa maandishi ni baiti chache tu. WhatsApp ilistawi hapo.

Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa TEAMS karibu na Mombasa, wakati nyaya nyingine zilikuwa zimeshakatika Bahari ya Shamu. Mtandao ukazorota Afrika Mashariki yote.

Leo tangazo la kuhamisha kipindi, noti na tarehe ya mtihani hupitia kundi la WhatsApp la darasa. Asiye na bando anafika darasani akakuta viti vitupu. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwanachuo kwa kuganda kwenye simu, tuulize ni nani aliyelihamishia darasa humo, na bando analipa nani.