Maana na visawe vya kitenzi cha Kiingereza «break»

«Break» (wakati uliopita «broke», hali timilifu «broken») ni kitenzi kikongwe cha Kiingereza. Umbo lake la kale lilikuwa «brecan», na ni ndugu wa «brechen» cha Kijerumani. Kamusi nyingi humpa mwanafunzi kisawe kimoja, vunja, nacho hutosha kwa sahani, fimbo na mfupa. Nje ya hapo mfasiri hana budi kujiuliza maswali mawili ambayo Kiingereza hakimlazimishi kuyajibu: kitu chenyewe ni cha namna gani, na je, yupo aliyekivunja?

Tuanze na kitu chenyewe. Kitu kigumu kinachotengana vipande huvunjika: kiti, kikombe, daraja, mfupa. Kitu chembamba chenye urefu hukatika: uzi, kamba, mnyororo; na kwa kufuata njia hiyohiyo umeme hukatika, simu hukatika, mawasiliano hukatika. Kilichojaa au kilichobana hupasuka, kama vile puto, bomba, jipu na tairi. Ndiyo maana wakunga husema chupa ya mama mjamzito imepasuka, mahali ambapo Kiingereza husema maji yake yame-«break». Nguo na karatasi huchanika au kuraruka. Mashine na gari huharibika. Mwanafunzi aandikaye kuwa «kamba imevunjika» hueleweka, lakini msomaji hujua mara moja kwamba sentensi ilifikiriwa kwanza kwa Kiingereza.

Kazi za mikono zina vitenzi vyake, na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na utajiri ambao mfasiri hapaswi kuuacha ghalani. Mkate, ugali na keki humegwa. Biblia ya Kiswahili nayo hutumia mega, si vunja, kwa mkate wa karamu ya Bwana. Hindi hukonyolewa shambani, kisha punje zake hupukuchuliwa. Tawi hukwanyuliwa. Kipande cha nyama hunyofolewa kwa vidole. Korosho hubanguliwa. Kuni huchanjwa kwa shoka, na kijiti kikavu huvunjwa kwa mkono. Nazi hufuliwa kwanza, ndipo ivunjwe. Vingi kati ya vitenzi hivi huweza kufasiriwa kwa «break» au kwa «break off», lakini ukirudi kutoka Kiingereza hutapata kitenzi ulichoanza nacho usipoijua kazi yenyewe.

Nani aliyevunja?

Swali la pili ni zito zaidi. Kwa Kiingereza, «The window broke» na «He broke the window» hutumia umbo lilelile la kitenzi. Kiswahili hakina umbo kama hilo. «Dirisha lilivunjika» halimtaji mtendaji wala halidai kwamba yupo. «Dirisha lilivunjwa» halimtaji, lakini linadai kwamba yupo. «Alivunja dirisha» linamwonyesha kidole. Kinachotatiza zaidi ni «The window was broken», ambayo huweza kueleza hali (dirisha lilikuwa limevunjika) au tendo (dirisha lilivunjwa). Mfasiri wa maelezo ya shahidi akiandika «lilivunjwa», ilhali shahidi alieleza tu jinsi alivyolikuta dirisha asubuhi, amemwingiza katika maelezo mtu ambaye shahidi hakumwona. Muktadha usipotoa jibu, «lilikuwa limevunjika» ndiyo tafsiri salama, kwa kuwa haisemi zaidi ya kile kilichoonekana.

Viungo vya mwili hufuata kanuni hiyohiyo. «He broke his leg» ni «alivunjika mguu», bila kimilikishi. Ukiandika «alivunja mguu wake», msomaji atauliza kwa nini mtu ajifanyie hivyo, au mguu ulikuwa wa nani. Aliyevunjwa na mwingine husema «alinivunja mkono». Mwenye mkono hukaa ndani ya kitenzi.

Sheria nazo zina lao. Katika Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania, zilizotungwa kwanza kwa Kiingereza, anayefungua mlango uliofungwa, hata kwa kuusukuma au kuuvuta tu, huhesabiwa kuwa ame-«break» jengo. Mshtakiwa akiulizwa kwa Kiswahili, «Ulivunja mlango?», anaweza kujibu «hapana» kwa moyo mweupe, kwa sababu mlango ni mzima hadi leo. Kwa maoni yangu, jina la kosa na libaki «kuvunja nyumba», na «kuvunja mlango» kuwekewe mlango ulioharibiwa kweli.

Pale vunja inapopotosha

Ziko sentensi ambazo vunja inakubalika kisarufi, lakini inasema jambo jingine.

Mkataba. «They broke the contract» maana yake ni kwamba walikwenda kinyume cha masharti, yaani walikiuka mkataba. «Walivunja mkataba» huweza kueleweka hivyo, lakini katika magazeti, hasa kurasa za michezo, klabu inayovunja mkataba na kocha imeusitisha. Kocha amekwisha kuondoka. Katika hati rasmi ni vyema kukiuka kutumika kwa kosa na kuvunja au kusitisha kwa kukatisha. Kwa sheria, ahadi na amri, vunja haina shaka. Visawe vyake ni kiuka, halifu na, kwa amri ya mwenye mamlaka, asi.

Bunge. Kulivunja Bunge ni kuumaliza uhai wake, na wananchi hujiandaa kwa uchaguzi. Kiingereza hutumia «dissolve» kwa jambo hilo. Taarifa ikisema kwamba Bunge lime-«break up» kwa likizo, Kiswahili chake ni «limeahirishwa». Vivyo hivyo «mkutano umevunjika» ni habari ya ugomvi au kushindwa kuafikiana. Mkutano uliokwisha kwa amani umefungwa.

Moyo. Kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa. Mwalimu huwavunja moyo wanafunzi kwa maneno makali, na wala hapana mapenzi hapo. Kwa «He broke her heart» afadhali «alimjeruhi moyo» au «alimwachia simanzi», kadiri hadithi inavyotaka.

Saumu. Hili huwaponza hata wafasiri wazoefu. «He broke his fast» huweza kumhusu aliyekula tende baada ya jua kutua, ambaye amefungua au amefuturu, naye ana thawabu zake. Huweza pia kumhusu aliyekula mchana, ambaye amevunja saumu. Kumwandikia mfungaji mwema kwamba «alivunja saumu yake saa kumi na mbili na nusu jioni» ni kumsingizia. Tusichanganye na kuvunja jungu, ule ulaji wa siku za mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, wala na kuvunja ungo, yaani msichana kupata hedhi ya kwanza. Misemo hii miwili haifasiriki kwa «break» hata kidogo. Na kwa kuwa tumo katika saumu: «breakfast» imeundwa kwa «break» na «fast», mfungo, ilhali kifungua kinywa na chamshakinywa vimetokana na fungua na amsha.

Yaliyobaki ni mepesi. Alfajiri hupambazuka, au kumekucha. Vita na maradhi huzuka, mfungwa hutoroka, wachumba huachana. Mtu aliyezidiwa na majonzi huangua kilio. Chakula humeng'enywa tumboni, na hesabu ya matumizi huchanganuliwa. Noti kubwa huvunjwa au huchenjiwa. Habari mbaya huelezwa taratibu. Habari mpya za redioni ni habari za hivi punde. «Kuvunja rekodi» na «kuvunja ukimya» ni tafsiri za moja kwa moja zilizokwisha kupata uraia, na hakuna haja ya kuzipiga vita.

Kuhusu visawe vya Kiingereza chenyewe: «shatter» ni kuvunjika vipande vipande, «smash» ni kuvunjavunja au kuponda, «crack» ni kupata ufa, na «snap» ni kukatika au kuvunjika ghafla, kutegemea kama ni uzi au ni kijiti. «Broke» ikitumika kama kivumishi cha mtu, maana yake ni kwamba ameishiwa. Isifasiriwe «amefilisika»: mfanyakazi aliyeishiwa hungoja mshahara mwisho wa mwezi, na aliyefilisika hutafutwa na wadai.