Drili ya betri kwa fundi wa kazi: jinsi ya kuchagua iliyo imara

Fundi umeme anayefunga nyaya katika nyumba mpya ya Wanyange, pembezoni mwa Jinja, huianza na kuimaliza kazi yake kabla nyumba hiyo haijapata umeme. Ndivyo utaratibu wa Uganda ulivyo: fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, huthibitisha kwanza kwamba nyaya zimefungwa sawasawa, ndipo nyumba iunganishwe na gridi. Matundu yote ya masanduku, mabomba na vishikizo hutobolewa wakati ukutani hakuna soketi hata moja inayofanya kazi.

Hali ni hiyo hiyo kwa seremala anayepandisha milango katika nyumba za miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale, na kwa fundi wa mapaa anayekaza mabati akiwa juu ya ngazi. Jinja ndiko lilikozinduliwa bwawa la Owen Falls mwaka 1954, ambalo leo huitwa Nalubaale. Lakini kuishi karibu na bwawa si sawa na kuwa na umeme mahali pa kazi. Kwa mafundi hawa drili ya betri ni chombo cha riziki. Ikifa katikati ya kazi, siku inapotea, na mara nyingi mteja pia.

Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kulipa.

Chombo kilikotoka

Drili ya umeme ya kushikwa mkononi ilitengenezwa na kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1895. Mwaka 1961 kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa drili isiyo na waya, iliyotumia betri za nikeli na kadimi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1971, wanaanga wa Apollo 15 walitoboa udongo wa mwezi kwa drili ya betri iliyoundwa kwa ajili ya safari hiyo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi drili za betri zilikuwa nzito na dhaifu, na mafundi wa kazi walizidharau. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2005, pale makampuni kama Milwaukee na Makita yalipoanza kuuza zana zinazotumia betri za lithiamu. Betri hizo hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, na hazipotezi chaji upesi zikiwa zimewekwa tu. Tangu hapo drili ya betri imechukua sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa za drili ya waya.

Kazi kwanza, chapa baadaye

Mnunuzi anapaswa kujiuliza kwanza atatoboa nini siku nyingi za juma. Kuna aina tatu za mashine ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni drili ya kawaida, inayozunguka tu. Inafaa kwa mbao, chuma chembamba na kukaza skrubu. Seremala anayefanya kazi kwa misonobari na mikaratusi, na mara moja moja kwa mvule, hahitaji zaidi ya hiyo, mradi iwe na nguvu ya kutosha.

Ya pili ni drili yenye mpigo, ambayo huzunguka huku ikigonga kwa haraka. Inafaa kwa matofali ya kuchoma na plasta, yaani kuta nyingi za mashariki ya Uganda. Inaweza kutoboa matundu madogo machache kwenye zege, lakini haikuumbwa kwa kazi hiyo kila siku.

Ya tatu ni drili nzito ya nyundo, inayotumia biti za mfumo wa SDS. Ndani yake mna pistoni inayosukumwa kwa hewa, na pigo lake ni zito. Fundi anayetoboa nguzo na linta za zege kila siku anahitaji hii. Akilazimisha drili ya mpigo wa kawaida kufanya kazi hiyo, ataunguza mota, ataumiza mkono na atapoteza muda.

Kwa mafundi wengi wa nyumba, drili yenye mpigo ya volti 18 ndiyo inayofaa kuanza nayo. Ile ya nyundo nzito inaweza kufuata, ikiwezekana ya chapa ile ile ili betri zitumike pande zote mbili.

Kuzisoma namba za kwenye boksi

Namba tatu zina maana kubwa: volti, ampea-saa na nyutoni mita.

Volti huonyesha nguvu ya umeme wa betri. Seli moja ya lithiamu ina takriban volti 3.6 inapokuwa kazini. Seli tano zikifungwa kwa mfululizo hutoa volti 18. Seli hizo hizo zikiwa zimejaa kabisa hukaribia volti 20 au 21. Kwa hiyo drili iliyoandikwa 18V na ile iliyoandikwa 20V Max au 21V kwa kawaida zina idadi ile ile ya seli. Tofauti yake ni ya tangazo, si ya nguvu.

Kuna maandishi ya kutiliwa shaka zaidi. Madukani huonekana drili ndogo za bei ya chini zilizoandikwa 48VF, 88VF au hata 128VF. Herufi hizo mbili si kipimo cha volti. Mara nyingi ndani ya betri hiyo mna seli tano au chini ya hapo, kama zilizomo katika drili ya volti 18. Fundi asilipe hata shilingi moja zaidi kwa sababu ya namba hiyo.

Ampea-saa huonyesha kiasi cha chaji. Ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata wati-saa, ambazo ndizo akiba halisi ya nishati. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Ile ya ampea-saa 5 ina wati-saa 90, yaani mara mbili na nusu.

Nyutoni mita hupima nguvu ya kuzungusha. Drili ndogo ya volti 18 hutoa takriban nyutoni mita 50 hadi 60, zinazotosha kazi nyingi za mbao na skrubu. Drili kubwa huvuka 100. Nguvu hiyo inahitajika kwa matundu mapana katika mbao ngumu, lakini ina hatari yake: biti ikikwama, mashine humzungusha mshikaji. Drili ya namna hiyo isiuzwe bila mshiko wa pembeni, wala isitumiwe bila huo mshiko.

Mota, gia na sehemu ya kushika biti

Mota za zamani hutumia brashi za kaboni, ambazo huisha taratibu kwa msuguano. Mota zisizo na brashi huongozwa na saketi ya kielektroniki. Hazipati moto sana, hutumia betri kwa uangalifu na hudumu zaidi. Kwa anayefanya kazi kila siku, mota isiyo na brashi ndiyo bora.

Lakini kuna jambo la kupima. Brashi za kaboni ni bei ndogo, na fundi yeyote wa karibu anaweza kuzibadilisha. Saketi ya mota isiyo na brashi ikiungua, sehemu nzima hubadilishwa, na gharama yake huweza kukaribia bei ya mashine mpya. Mahali ambapo vipuri havipatikani, drili ya brashi ya chapa inayoaminika ni chaguo la busara kuliko ya kisasa isiyo na wa kuitengeneza.

Gia za chuma ni bora kuliko za plastiki. Mashine iwe na mwendo wa aina mbili: wa polepole kwa skrubu na matundu mapana, wa haraka kwa matundu membamba. Sehemu inayoshika biti iwe na uwezo wa milimita 13 kwa kazi nzito. Milimita 10 hutosha kazi nyepesi. Mnunuzi aweke biti iliyonyooka, awashe mashine na aangalie ncha. Ikiyumba, drili hiyo haitatoboa tundu la duara.

Betri ndiyo gharama kubwa

Anayenunua drili hununua pia mfumo wa betri. Betri za chapa moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine ya chapa nyingine, na wakati mwingine hata ndani ya chapa moja hazilingani. Kwa mfano, betri za volti 18 za zana za kijani za Bosch, zilizokusudiwa matumizi ya nyumbani, haziingii kwenye zana zake za buluu za mafundi.

Kwa sababu hiyo, swali la kumuuliza muuzaji ni hili: betri ya pili inauzwa bei gani, na itapatikana hapa hapa baada ya miaka miwili? Iwapo jibu halieleweki, bei nzuri ya leo haina faida. Fundi wa kazi anahitaji angalau betri mbili, moja kazini na nyingine kwenye chaja.

Uzito nao husema ukweli. Betri halisi ya volti 18 yenye ampea-saa 4 au 5 kwa kawaida huwa na seli kumi, na seli moja ya aina iliyozoeleka ina gramu 45 hivi. Kabla hata ya kuongeza boksi lake, seli hizo zina takriban gramu 450. Betri iliyoandikwa ampea-saa 6 lakini ni nyepesi kama ya ampea-saa 2 haina kilichoandikwa.

Hesabu ya bei

Mafundi husema rahisi ni ghali, na hesabu inaunga mkono. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: drili ya shilingi 200,000 ikidumu miezi 4, imemgharimu fundi shilingi 50,000 kwa mwezi. Drili ya shilingi 800,000 ikidumu miaka 3, imemgharimu shilingi 22,000 hivi kwa mwezi, bila kuhesabu siku zilizopotea. Kwa upande mwingine, mtu anayetoboa matundu matano kwa mwezi hana sababu ya kununua mashine ya gharama hiyo.

Bidhaa bandia na haki ya mnunuzi

Chapa zinazosifika ndizo zinazoigwa zaidi. Dalili za kuiga ni maandishi yenye makosa ya tahajia, rangi isiyolingana, namba ya mashine isiyofanana na ya boksi, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine.

Kinga ya kwanza ni risiti. Wafanyabiashara waliosajiliwa katika mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda hutoa risiti ya kielektroniki. Risiti hiyo itaje chapa, modeli na namba ya mashine, na muda wa dhamana uandikwe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo yake na inayofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Bila risiti, ni vigumu kuidai haki hiyo. Malalamiko juu ya ubora hupelekwa kwa Shirika la Viwango la Uganda, UNBS.

Mashine zinazoletwa kutoka ng'ambo

Wengi hutumiwa drili na ndugu walioko Ughaibuni. Hapa chaja ndiyo ya kuchunguzwa. Umeme wa Uganda ni volti 240. Wa Marekani ni 120 na wa Japani ni 100. Chaja iliyoandikwa 120V peke yake ikichomekwa Jinja itaungua, na huenda ikaanzisha moto. Chaja za Uingereza, Oman na Falme za Kiarabu hutumia volti zinazokaribiana na za Uganda, na plagi ya pini tatu za mraba kama ya hapa.

Kwenye ndege, betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, vituo vyake vya umeme vikiwa vimefunikwa. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida huruhusiwa. Kuanzia hapo hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 imo ndani ya kikomo. Ya ampea-saa 6, yenye wati-saa 108, imekivuka.

Kuchaji, kutunza na kujilinda

Betri ya lithiamu haipendi joto. Isiachwe kwenye bati la paa wala ndani ya gari lililofungwa juani, na iliyotoka kwenye kazi nzito ipoe kwanza ndipo ichajiwe. Ikiwekwa bila kutumika kwa wiki nyingi, iachwe na chaji ya nusu. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyolowa isichajiwe tena, wala isifunguliwe na mtu asiye na ujuzi.

Zege na matofali hutoa vumbi la silika, ambalo likivutwa kwa miaka huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Barakoa madhubuti, miwani na vizibo vya masikio vihesabiwe ndani ya bei ya drili. Kabla ya kutoboa ukuta wa nyumba inayokaliwa, fundi ahakikishe hakuna waya wala bomba mahali hapo. Drili ya betri haina waya wake, lakini inaweza kuufikia waya wa nyumba.

Mambo ya kukagua dukani

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe haya:

• Aina ya mashine inalingana na kazi yake ya kila siku.
• Volti, ampea-saa na nyutoni mita zimeandikwa wazi, na uzito wa betri unalingana na maandishi.
• Betri ya ziada, chaja na vipuri vinapatikana katika mji wake au mji wa jirani.
• Chaja imeandikwa kuwa inapokea volti 240.
• Biti haiyumbi, na mashine husimama mara kidole kinapoachia kitufe.
• Dhamana imeandikwa, na anayeitekeleza anajulikana kwa jina na mahali.
• Risiti ina modeli na namba ya mashine.

Muuzaji asiyekubali mashine ijaribiwe mbele ya mnunuzi ameshalijibu swali kuu. Katika hali hiyo ni afadhali kuondoka na fedha na kutafuta duka jingine.