Ujumbe wa mtandaoni na kibarua: Sheria inasema nini kuhusu kufutwa kazi

MHUDUMU wa hoteli mjini Nyeri anarejea nyumbani jioni akiwa amechoka. Anaandika katika ukurasa wake wa Facebook kwamba mshahara umechelewa tena, kisha analala. Kunapokucha ujumbe umemfikia meneja, na kabla ya adhuhuri mhudumu ameambiwa akusanye virago vyake.

Kisa hicho ni cha mfano tu, lakini swali linalozuka ni halisi. Je, mwajiri ana mamlaka ya kumpiga kalamu mtu kwa maneno aliyoyaandika nje ya saa za kazi, kwa simu yake mwenyewe?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika miji iliyo kandokando ya Mlima Kenya. Kuanzia Othaya, Karatina na Kerugoya hadi Embu, Meru, Timau na Nanyuki, watu wanajuana. Mwajiri, mfanyakazi, mteja na kasisi huenda wakawa katika kundi moja la WhatsApp la kijiji au la mazishi. Jambo linalosemwa huko halikai siri.

Isitoshe, siasa zimezidisha joto. Maandamano ya vijana ya Juni 2024 yalifika Nyeri, Nanyuki na Embu. Oktoba mwaka huo, Rigathi Gachagua, mzaliwa wa Mathira, aliondolewa katika wadhifa wa Naibu Rais. Tangu hapo ni vigumu kumpata mtu wa eneo hili asiye na la kusema, na Uchaguzi Mkuu wa 2027 utaongeza mengi zaidi.

Hoja za pande mbili

Waajiri wana hoja zao. Jina la kampuni hujengwa kwa miaka mingi na huweza kubomoka kwa siku moja. Muuguzi akichapisha picha ya mgonjwa, karani wa chama cha akiba akitaja deni la mwanachama, au mwalimu akimtukana mwanafunzi wake hadharani, anayeumia si mwajiri pekee. Mgonjwa, mwanachama na mtoto pia wana haki.

Wafanyakazi nao husema kuwa mwajiri hununua saa zao za kazi tu. Hakununua fikra zao, imani yao wala kura yao. Mtu akilazimika kunyamaza usiku na mchana kwa kuhofia kumwaga unga, uhuru wa kusema utabaki kuwa mali ya wenye biashara zao pekee.

Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua hoja zote mbili. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo hauhusu uchochezi wa vita na ghasia wala matamshi ya chuki, na kwamba anayeutumia sharti aheshimu haki na sifa za wengine. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, yakiwemo mawasiliano, nacho kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini.

Sheria ya Ajira

Sheria inayotumika zaidi katika mizozo hii ni Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutekelezwa Juni 2008. Sheria hiyo haitaji Facebook wala WhatsApp, lakini kanuni zake zinatosha.

Kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfuta mfanyakazi papo hapo kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Miongoni mwa makosa yaliyoorodheshwa ni kutumia lugha ya matusi au kumdharau mwajiri au mtu aliyewekwa kuwa msimamizi. Matusi hayabadiliki kuwa adabu kwa kuwa yameandikwa mtandaoni badala ya kutamkwa ofisini.

Lakini kifungu cha 46 kinataja sababu ambazo haziwezi kuwa halali za kumfuta mtu. Zinajumuisha kabila, dini, na maoni ya kisiasa au ufuasi wa chama. Mwenye duka la jumla Karatina hawezi kumfuta keshia wake kwa sababu tu amemsifu mwanasiasa ambaye tajiri hampendi.

Kifungu hicho pia kinamlinda mfanyakazi aliyewasilisha au anayekusudia kuwasilisha malalamiko dhidi ya mwajiri, isipokuwa pale malalamiko yanapothibitika kuwa ya kiholela na yasiyo na msingi. Ndiposa ni muhimu kutenganisha malalamiko na matusi. Kusema mshahara umechelewa, iwapo ni kweli, ni jambo moja. Kumwita mkurugenzi mwizi bila ushahidi ni jambo jingine kabisa.

Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kuwa malalamiko yanayopelekwa kwa afisa wa leba yana kinga iliyo wazi zaidi kuliko yale yanayomwagwa kwenye Facebook.

Utaratibu ndio nguzo

Hata pale kosa linapoonekana bayana, mwajiri hawezi kuruka utaratibu. Kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kutaka kumwachisha kazi. Mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na maelezo yao sharti yasikizwe kabla ya uamuzi kufikiwa.

Suala la lugha si dogo katika eneo hili. Ujumbe mwingi huandikwa kwa Kigikuyu, Kimeru au Kiembu, ukiwa na methali na mafumbo. Neno ambalo kwa mzaliwa wa Othaya ni mzaha huweza kutafsiriwa vibaya na meneja aliyetoka kwingine. Asiyeuliza maana huhukumu asilolijua.

Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu alizotoa, yaani mambo ambayo kwa dhati aliamini yapo alipochukua hatua. Naye anayetegemea picha ya skrini mahakamani anapaswa kuzingatia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachohitaji cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana. Kurasa bandia ni nyingi, na mtu anaweza kufungua akaunti kwa jina la mwenzake kwa dakika chache.

Kwa waajiri wadogo kuna jambo la kuangaliwa. Sheria inawataka wenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwa na kanuni za nidhamu zilizoandikwa. Maduka, hoteli ndogo na karakana nyingi za miji hii hazifikii idadi hiyo. Hata hivyo, msamaha huo ni wa kuandika kanuni tu. Wajibu wa kuwa na sababu halali na kumsikiza mfanyakazi unabaki palepale.

Mfanyakazi aliyefutwa kinyume cha sheria anaweza kulipwa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, pamoja na malipo ya notisi. Mahakama pia inaweza kuamuru arejeshwe kazini. Wakazi wa eneo hili hawalazimiki kusafiri hadi Nairobi, kwa kuwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ina kituo mjini Nyeri.

Watumishi wa umma

Walimu, wauguzi na makarani wa serikali za kaunti wako katika hali tofauti kidogo. Kifungu cha 236 cha Katiba kinasema afisa wa umma hawezi kufutwa, kushushwa cheo wala kuadhibiwa bila kufuata sheria.

Wakati huo huo, Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inawazuia maafisa wa umma kuonyesha hadharani kwamba wanaunga mkono au kupinga chama au mgombea katika uchaguzi. Ukurasa wa Facebook ulio wazi ni mahali pa hadharani. Chapisho ambalo kwa muuza mboga sokoni Karatina ni haki yake ya kila siku, kwa karani wa kaunti huweza kuwa ukiukaji wa sheria.

Mifano ya kwingine

Nchini Kenya, kisa kilichozua mjadala mkubwa kilitokea Februari 2020. Mfanyakazi wa Kenya Airways alisimamishwa kazi baada ya video ya ndege ya China Southern Airlines ikitua JKIA kusambaa mitandaoni, wakati ambapo hofu ya virusi vya corona ilikuwa imetanda. Wakenya wengi walimwona kama mtu aliyetetea afya ya umma. Kisa hicho kilionyesha kuwa maslahi ya mwajiri na ya wananchi hayalingani nyakati zote.

Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilimsimamisha kazi mtafiti Stella Nyanzi mwaka wa 2017 kufuatia maandishi yake ya Facebook yaliyomkosoa vikali Janet Museveni, mke wa Rais na Waziri wa Elimu.

Afrika Kusini, mwaka wa 2011, tume ya upatanishi wa mizozo ya kazi iliidhinisha kufutwa kwa wafanyakazi wawili waliowatusi wakuu wao kwenye Facebook. Kurasa zao zilikuwa wazi kwa yeyote, hivyo dai la faragha halikuwasaidia.

Uingereza, Mahakama Kuu iliamua mwaka wa 2012 kwamba shirika moja la nyumba la Trafford lilikosea kumshusha cheo mfanyakazi aliyetoa maoni ya staha kuhusu ndoa za jinsia moja katika ukurasa wake. Alishinda kesi, lakini fidia ilikuwa pauni 98 pekee. Ushindi wa mahakamani haujazi mfuko kila mara.

Mwaka wa 2021, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi mfanyakazi wa usafi nchini Uturuki aliyefutwa kwa kubonyeza alama ya kupenda machapisho ya wengine.

Marekani hali ni tofauti, kwa kuwa katika majimbo mengi mwajiri wa kampuni ya kibinafsi anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu. Baada ya kuuawa kwa mwanaharakati Charlie Kirk mnamo Septemba 2025, watu wengi walipoteza ajira kwa yale waliyoyaandika kuhusu kifo chake.

Mizani

Kutokana na sheria na mifano hiyo, maswali manne humsaidia mwajiri kupima uamuzi wake. Je, ni hakika kwamba mfanyakazi ndiye aliyeandika? Je, maneno hayo yanahusiana na kazi yake au yamemdhuru mtu kazini? Je, ni matusi, siri au chuki, au ni maoni na malalamiko ya kweli? Na je, adhabu ndogo, kama vile onyo la maandishi, haitoshi?

Anayejibu maswali hayo kwa uaminifu atagundua kuwa ni machapisho machache yanayostahili kumkosesha mtu riziki. Kibarua kimoja katika shamba la maua Timau au kiwanda cha chai Othaya hulisha jamaa nzima na kuwalipia watoto karo.

Mfanyakazi naye hana budi kutahadhari. Ujumbe ukishatoka haurudi, na kuufuta hakufuti nakala zilizo katika simu za wengine. Akiitwa kujieleza, aitishe mashtaka kwa maandishi, aende na shahidi, na ahifadhi nakala ya ujumbe wote pamoja na tarehe. Akifutwa, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa leba katika muda wa miezi 3, na kesi mahakamani kabla ya miaka 3 kupita.

Hasira ni hasara, wahenga walinena. Methali hiyo humfaa anayeandika usiku akiwa na uchungu, na humfaa pia anayetia sahihi barua ya kumfuta mwenzake asubuhi inayofuata.