Kocha akitimuliwa deni linabaki: Yaliyozikuta Geita Gold, Stand na Mwadui

Timu ikipoteza mechi nne mfululizo, jukwaani linaanza neno moja: kocha aondoke. Kesho yake unatoka ukurasa mmoja wenye nembo ya klabu, "tumefikia makubaliano ya pande mbili", na mashabiki wanahamia kwenye jina la kocha mpya.

Kinachobaki nyuma ya ukurasa ule ni mkataba, na mkataba haufi kwa sababu kibarua kimeota nyasi. Kwa timu za Shinyanga na Geita, ambazo nyingi zimeishi kwa mfuko wa mgodi mmoja au halmashauri moja, malipo ya kocha aliyeondoka yanaweza kuitesa klabu kuliko vile vipigo vinne.

Haya ndiyo ya kufahamu.

Kesi ya nyumbani: Geita Gold na Ndayiragije

Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita yenye udhamini wa mgodi wa GGML, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2021/22. Aliyeipandisha ni Fred Felix Minziro, lakini mabosi wakaamua kumleta jina kubwa: Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyeifikisha Mbao FC fainali ya Kombe la FA mwaka 2017 na baadaye akaifundisha Taifa Stars.

Mambo hayakwenda. Timu ilianza ligi vibaya, Ndayiragije akaondoka ndani ya miezi michache ya kwanza, usukani ukarudi kwa Minziro.

Uwanjani, uamuzi ule ulilipa. Geita ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga.

Ofisini hadithi ilikuwa nyingine. Ndayiragije alipeleka madai yake FIFA na akashinda. Klabu ilipewa siku 45 za kumlipa, siku zikapita, FIFA ikaifungia Geita kusajili wachezaji kimataifa. TFF nayo ikaifungia usajili wa ndani.

Yaani kocha aliyekaa miezi michache aliendelea kuigusa timu muda mrefu baada ya kuondoka. Msimu wa 2023/24 Geita ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Haitakuwa haki kusema deni lile ndilo lililoishusha, timu hushuka kwa mengi. Ila kocha yeyote atakwambia kufungiwa usajili kunamaanisha nini pale beki wako wa kati anapoumia.

Kocha anadai nini hasa?

Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu ya mikataba ya makocha. Ikiwa mkataba wenyewe haukupanga fidia ya kuuvunja, hesabu inakwenda hivi:

• Kocha akivunjiwa mkataba bila sababu ya msingi na asipate kazi nyingine, analipwa thamani yote ya muda uliobaki.

• Akipata kazi mpya ndani ya muda huo, kile anacholipwa huko kinapunguzwa kwenye fidia.

• Ikiwa mkataba umevunjika kwa sababu ya malimbikizo ya mishahara, anaongezewa mishahara ya miezi mitatu. Hali ikiwa mbaya sana inaweza kufika sita. Jumla haiwezi kuzidi thamani ya mkataba uliobaki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kocha ana mkataba wa miaka 2 kwa Sh milioni 5 kwa mwezi, anaondolewa baada ya miezi 4. Imebaki miezi 20, sawa na Sh milioni 100. Baada ya miezi 2 anapata timu nyingine inayomlipa Sh milioni 3. Kwa miezi 18 iliyobaki ataingiza Sh milioni 54. Klabu ya kwanza inabaki kudaiwa Sh milioni 46.

Hapo hatujagusa mishahara ambayo hakulipwa akiwa bado kazini, wala riba, ambayo FIFA kwa kawaida huweka asilimia 5 kwa mwaka. Wakati huohuo kocha mpya naye anataka mshahara wake mwisho wa mwezi. Klabu inalipa makocha wawili, anayefundisha ni mmoja.

Je, kocha anaweza kuondoka mwenyewe na bado akadai?

Ndiyo. Klabu ikishindwa kumlipa angalau mishahara ya miezi miwili, kocha anaiandikia barua na kuipa siku 15. Zikiisha bila malipo, ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia kana kwamba amefukuzwa.

Hapa ndipo timu nyingi hunasa. Uongozi unakaa kimya ukiamini kocha atachoka na kuondoka zake. Kweli anaondoka, lakini ameondoka na barua mkononi.

Kocha anayejiuzulu kwa hiari yake bila klabu kukosea ni suala tofauti. Jamhuri Kihwelu 'Julio' aliachia ngazi Mwadui mwaka 2016 akilalamikia waamuzi. Malalamiko kuhusu waamuzi hayaipi klabu bili.

Kesi inapelekwa wapi?

Kocha wa kigeni huenda FIFA, ambako tangu Oktoba 2021 kuna Mahakama ya Soka. Halipi ada ya kufungua shauri, ila awahi ndani ya miaka 2. Asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufaa CAS, mahakama ya michezo iliyopo Lausanne, Uswisi, ndani ya siku 21.

Kocha Mtanzania anayedai klabu ya Tanzania huanzia TFF, kwenye kamati yake inayoshughulikia hadhi za wachezaji. FIFA haipokei kesi ya watu wa nchi moja.

Ndiyo maana deni la kocha wa nje hulipwa kwa hofu kuliko la kocha mzawa. Si kwamba la mzawa ni dogo, fimbo ndiyo tofauti.

Adhabu inampata nani?

Klabu isipolipa ndani ya siku 45 tangu kocha atume akaunti yake ya benki, inafungiwa kusajili hadi ilipe, kwa kiwango cha juu cha madirisha matatu mfululizo. Dirisha kubwa, dogo, kubwa tena. Huo ni msimu mzima na zaidi.

Mwenyekiti aliyesaini mkataba hafungiwi. Wanaoumia ni kocha aliyepo, wachezaji wanaocheza na majeraha kwa kukosa mbadala, na kijana wa Nyankumbu au Katoro aliyekuwa asajiliwe dirisha lile.

Na kubadili jina la timu au kuihamishia kwa mmiliki mpya hakufuti deni. FIFA huangalia kama klabu mpya ni mrithi wa ile ya zamani.

Kwa nini ukanda wa migodi una hatari zaidi?

Kwa sababu pesa ya timu inategemea mlango mmoja, na mlango huo unaweza kufungwa katikati ya mkataba wa kocha.

Stand United, 'Chama la Wana', timu iliyozaliwa stendi ya mabasi Shinyanga, ilipata udhamini wa kampuni ya dhahabu ya Acacia mwaka 2015 na ikamwajiri Mfaransa Patrick Liewig. Mwaka 2016 viongozi waligombania nani mwenye timu, klabu au kampuni, na Acacia ikajitoa. Liewig naye hakumaliza msimu uliofuata. Mwaka 2019 Stand ilishuka.

Mwadui ya Kishapu ilikuwa timu ya mgodi wa almasi wa Williamson. Aprili 2020 mgodi ulisimamisha uzalishaji baada ya soko la almasi kuyumba kipindi cha corona. Mwadui ikashuka mwisho wa msimu wa 2020/21.

Geita ikafuata mwaka 2024. Msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ilichezwa bila timu hata moja ya Shinyanga wala Geita.

Sababu za kushuka hazifanani, lakini timu zote tatu zilijengwa kwa namna moja: matumizi ya Ligi Kuu, chanzo kimoja cha mapato. Kocha wa miaka 2 anaajiriwa kwa udhamini unaohuishwa kila mwaka. Udhamini ukikatika, mkataba wa kocha unabaki palepale.

Kwani wakubwa hawafanyi hivyo?

Wanafanya. Novemba 2023 chuo kikuu cha Texas A&M cha Marekani kilimfukuza kocha wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, na kukubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 kwa miaka iliyobaki. Tofauti ni kwamba chuo kile kina haki za televisheni na matajiri wa kuchangia.

Huku kwetu hata Yanga iliyomtimua Luc Eymael Julai 2020 kwa kauli zake za kibaguzi iliishia kujibu madai yake FIFA. Lakini Yanga ina wadhamini kadhaa na wanachama nchi nzima. Ikibanwa, ina pa kushika.

Klabu ndogo ifanye nini?

1. Iandike bei ya kuachana ndani ya mkataba. Mishahara ya miezi 2 au 3, kwa pande zote mbili, na kocha asaini akijua. Hapo kila mtu anajua bili kabla ya kipigo cha kwanza.

2. Ifunge mkataba na muda wa udhamini. Udhamini wa mwaka 1, kocha wa mwaka 1, na kipengele cha kuongeza timu ikibaki ligi.

3. Iweke malengo yanayopimika, mfano pointi kadhaa baada ya mechi 10, na iandike kitakachotokea yasipofikiwa.

4. Ijibu barua ya siku 15. Kulipa nusu kwa makubaliano ya maandishi ni nafuu kuliko kesi.

5. Kabla ya kutangaza kuachana, iulize mhasibu swali moja: tuna pesa ya makocha wawili?

Shabiki naye ana lake. Timu ya halmashauri inaendeshwa kwa pesa ya umma, kwa hiyo diwani wako ana haki ya kuuliza kikaoni kocha aliyeondoka anadai kiasi gani. Muulize kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Likifungwa, jibu halitasajili mtu.