Mtalaka, Matunzo na Jasho

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamwachia mtalaka milango miwili. Kifungu cha 115 kinahusu amri ya matunzo, na kifungu cha 114 kinahusu mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, yaani jasho. Watu huichanganya, ilhali asili zake ni mbalimbali. Matunzo ni wajibu wa mume, na wajibu huo una ukomo wa tangu zamani. Kwa fiqhi ya Kishafi, iliyoenea pwani na visiwani, mke wa talaka rejea hutunzwa mpaka eda iishe. Wa talaka tatu hupata makazi tu, isipokuwa awe na mimba. Juu yake kuna kitoka nyumba, zawadi anayopewa mke anapoachwa, kisha kila mtu na njia yake. Sheria ya 1971 nayo ilibana: baada ya talaka, hakuna amri ya matunzo kwa mke ila kwa sababu maalumu, na akiolewa tena hukoma.

Mlango wa pili ndio uliobadilisha mambo, lakini kwa kuchelewa. Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika: je, kupika, kufua na kulea ni mchango katika nyumba aliyoijenga mume kwa mshahara wake? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema ndiyo.

Wapo wanaoikejeli hukumu hiyo kwa kuwa Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Ni kweli, mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa mtaji wa biashara, naye akautapanya. Lakini tazama sababu yenyewe. Anayeambiwa amekula fungu lake amekwisha kukubaliwa kuwa alikuwa na fungu. Alishindwa kama mbia, na hilo halikuwahi kumpata mwombaji wa matunzo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wanaosema kwamba katika Uislamu mali ya mume ni yake na ya mke ni yake, hivyo mgao huo ni dhuluma. Hoja hii inasahau upande wake wa pili. Wanazuoni wa Kishafi hao hao hawakumfaradhishia mke upishi wala ufuaji. Basi miaka aliyoifanya kazi hiyo haikulipwa na masurufu, kwa maana masurufu yalikuwa haki yake hata asingeshika mwiko.

Udhaifu wa kweli wa jasho uko kwingine. Wawili walioishi chumba cha kupanga, bila kiwanja wala shamba, hawana cha kugawana. Mke huyo hubaki na kifungu cha 115, na sababu zake maalumu ambazo sheria haikuzitaja.