Nyuzi Mia za Greenwich: Joto la 9 Agosti 1911 Jijini London

Jumatano ya tarehe 9 Agosti 1911, malodi wa Uingereza walikaa kujadili muswada uliokusudia kuwapokonya wao wenyewe uwezo wa kuzima sheria za Bunge. Walikuwa na makoti yao mazito na kola zilizokaza shingo, na London ilikuwa inaungua. Bandarini makuli walikuwa wamegoma, na vyakula vilivyokwama melini na maghalani vilikuwa vinaoza. Kiangazi hicho watoto wachanga wengi wa mitaa ya maskini walikufa kwa kuhara. Siku hiyohiyo, kwenye kilima cha Greenwich mashariki ya jiji, mpimaji wa zamu alitazama kipimajoto akaandika nyuzi 100 za Farenhaiti, sawa na 37.8 za Selsiasi. Usiku wa kesho yake malodi walipiga kura, muswada ukapita kwa 131 dhidi ya 114. Kura ile haijatenguliwa. Namba ya Greenwich ilikuja kutenguliwa, na sababu yake ni ya kifundi kabisa.

Haikuwa rahisi kuitilia shaka. Kituo cha Greenwich kilianzishwa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1675 kwa kazi ya kutazama nyota, na tangu mwaka 1884 mstari wa longitudo unaopita hapo ndio sifuri ya dunia. Saa zetu za Afrika Mashariki bado zinahesabiwa tatu mbele ya pale. Tena mia ni namba inayokaa kichwani. Angekuwa mtu anapima kwa Selsiasi, 37.8 isingemshtua yeyote, lakini nyuzi mia zilipata jina, zikatajwa kwa miongo mingi kama kilele cha joto la Uingereza.

Kasoro ilikuwa kwenye stendi iliyobeba kipimajoto. Stendi hiyo ilibuniwa na James Glaisher, aliyesimamia idara ya hali ya hewa hapo Greenwich kwa miaka mingi katika karne ya 19. Huyu hakuwa mtu wa mezani tu. Septemba 1862 alipanda angani kwa puto pamoja na Henry Coxwell, wakapita kimo cha mlima wowote wa Afrika, Glaisher akazimia kwa kukosa hewa, na Coxwell, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, akavuta kamba ya vali kwa meno ili puto lishuke. Glaisher aliendelea kuishi hadi 1903. Stendi yake ilikuwa ubao wenye kijipaa, ulio wazi mbele, na mtu alipaswa kuuzungusha mara kwa mara ili jua libaki nyuma yake. Jua lenyewe halikukipiga kipimajoto, lakini joto lililorudi kutoka kwenye ardhi iliyokauka lilikipata bila kizuizi. Siku za kawaida tofauti ilikuwa ndogo. Siku ya jua kali isiyo na upepo, ambayo ndiyo siku inayozaa rekodi, stendi hiyo iliongeza nyuzi ambazo hewa haikuwa nazo.

Dawa ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1864 Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskochi na baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson, alieleza kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vilivyolazwa mshazari, hewa ipite na miale isiingie. Mwishoni mwa miaka ya 1860 vibanda vya aina nyingi vilisimamishwa pamoja huko Strathfield Turgiss, Hampshire, vikalinganishwa. Muundo wa Stevenson, baada ya kurekebishwa, ukaja kuwa kipimo cha wote, na mtu aliyepita karibu na kituo cha hali ya hewa Dar es Salaam au Nairobi amekiona: kisanduku cheupe juu ya miguu minne.

Kwa kigezo hicho nyuzi mia za Greenwich ziliondolewa, pamoja na 100.5 za Tonbridge, Kent, za tarehe 22 Julai 1868, zilizopimwa kwa stendi ya mtindo huohuo. Kilichobaki kwa 9 Agosti 1911 ni 36.7 za Selsiasi, zilizosomwa Raunds, Canterbury na Epsom, mji ulio kusini kidogo ya London. Naona uamuzi huo ni wa haki, ingawa aliyekuwa amelala chumba cha darini mtaa wa Bermondsey, London, usiku ule asingepoa kwa kuambiwa kwamba namba imepunguzwa.

Msomaji wa Mombasa anaweza kucheka. Nyuzi 32 zenye unyevu wa bahari kwake ni Februari tu. Lakini Mombasa ina baraza, madirisha ya kukabili upepo, na watu wanaojua kupumzika saa ya jua la utosi. Nyumba za London zilijengwa zishike joto lisitoke, na hata leo nyingi hazina kiyoyozi. Kiangazi cha mwaka 2022, England ilihesabu vifo takriban 3,000 zaidi ya kawaida katika vipindi vitano vya joto.

Baada ya kusafishwa, daftari lilisimama muda mrefu. Ile 36.7 ilidumu karibu miaka 79, hadi tarehe 3 Agosti 1990, Cheltenham ilipofika 37.1. Ikafuata 38.5 huko Brogdale, Kent, tarehe 10 Agosti 2003: nyuzi mia za Farenhaiti zilifikiwa kihalali miaka 92 na siku moja baada ya Greenwich kuzitangaza. Tarehe 25 Julai 2019 bustani ya mimea ya Cambridge ilipata 38.7. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 19 Julai 2022, Coningsby huko Lincolnshire ilifika 40.3. Ndani ya London siku hiyo Heathrow ilisoma 40.2, na kwenye ukingo wa mashariki wa jiji moto wa nyasi uliteketeza nyumba za Wennington.

Wako wanaosema Heathrow ni lami na injini za ndege, kwa hiyo namba yake haina maana. Hoja hiyo ina mashiko ikiwa Heathrow ingekuwa peke yake, lakini siku ileile bustani ya St James's, yenye nyasi na bwawa, ilipata 40.2 vilevile, na bustani ya Kew 40.1. Na siku hizi hakuna namba inayopokelewa kwa sababu ya ukubwa wa jina la kituo. Rekodi ya Cambridge ya mwaka 2019 ilikaa siku nne bila kuthibitishwa. Kwanza wataalamu wa idara ya hali ya hewa walikwenda bustanini kukagua kifaa na mahali kiliposimama, ndipo ikaandikwa.