Buluu ya Bikira Maria: vazi la malkia, vazi la mtumishi



Wapendwa waamini, kila sanamu ya Bikira Maria inapopakwa upya, huulizwa: je, rangi ya kopo la dukani yamstahili Mama wa Mungu? Tuitazame historia.

Tangu karne ya 12 wachoraji wa Ulaya walizidi kumvika Maria vazi la buluu. Buluu iliyo bora ilisagwa kutokana na jiwe la lapis lazuli, lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan. Waliiita ultramarine, yaani ya ng'ambo ya bahari. Mwaka 1485, huko Florence, mkataba ulimtaka mchoraji Domenico Ghirlandaio atumie buluu yenye thamani ya florini 4 hivi kwa aunsi moja. Na florini ilikuwa sarafu ya dhahabu. Hivyo Maria alivikwa kilicho ghali kuliko vyote. Ilikuwa ibada, lakini pia tajiri aliyelipia picha alionekana utajiri wake.

Huku kwetu buluu ilifika kwa sura nyingine. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ziwa Tanganyika, ilibeba merikani na kaniki. Kaniki, kitambaa cha buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, kilitiwa rangi ya nili. Kilikuwa vazi la wanawake maskini, wakulima na watumwa.

Kisha thamani ya ultramarine ikashuka. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza bila jiwe hilo. Mwaka 1828 ikatunukiwa Jean-Baptiste Guimet. Tangu hapo rangi ya wafalme iliwafikia wote. Ndiyo iliyotumika pia katika buluu ya kufulia, ambayo mama zetu wameitia kwenye karai ili mashuka na vitambaa vya altare ving'ae.

Je, Maria alishushwa hadhi? Hasha! Yeye aliyejiita mtumishi wa Bwana hakuvaa lapis lazuli kule Nazareti. Kama angeishi Makanyagio zama za misafara, yamkini angejifunga kaniki. Buluu ya Florence yatukumbusha kuwa ni Malkia. Buluu ya karai, kuwa ni mwenzetu. Tupake basi sanamu zetu kwa rangi tunayoimudu, tena kwa uangalifu, wala pasiwe na anayeionea haya.